Pazia la Buti na Safari ya Kumrudisha Mama

Mama hakufufuka. Naanza na hilo kwa sababu tangu nirudi mtaani kwangu Mafiga kila ninayekutana naye, kuanzia walimu wenzangu mpaka muuza maandazi wa pale kona, ana habari yake. Mmoja amesikia mama aliamka akiwa njiani kupelekwa makaburini. Mwingine amesikia aliinuka ndani ya jeneza akaomba maji. Nimechoka kueleza vipande vipande, kila mtu na swali lake, kwa hiyo nimeandika yote hapa, tangu getini kwangu mpaka nyumbani kwetu milimani na kurudi. Kilichokuwa ndani ya shuka jeupe kilikuwa zulia.

Kutoka Mafiga

Mama alikaa kwangu wiki sita akitibiwa mtoto wa jicho. Kwa miaka mitatu alikuwa haoni ila vivuli, na sisi tulishazoea kumtajia majina yetu kila tulipoingia chumbani kwake. Walimfanyia jicho moja, likapona, wakafanya la pili. Siku alipofunguliwa bandeji ya mwisho alinitazama muda mrefu, halafu akaniuliza kwa nini sikumwambia kwamba nimeota mvi.

Kumrudisha lilikuwa jukumu langu, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na gari langu mwenyewe. Ni gari dogo la buti refu, yale watu wanayoyaita stesheni wagoni. Nilikuwa nimeliendesha miezi kadhaa bila kujua bomba jeusi lililolala mgongoni mwa kiti cha nyuma lina kazi gani. Nilikuwa natundikia kanga. Siku moja kabla ya safari jirani yangu, Fundi Kondo, mstaafu wa kiwandani Mzinga, alikuja kuangalia breki. Akaiona kanga, akacheka, akaiondoa. Kisha akashika kishikio kidogo katikati ya bomba, akavuta, na likatoka pazia zito jeusi likafunika buti zima mpaka kwenye mlango wa nyuma. Lina pini mbili, moja kila upande, na kila moja ina tundu lake ubavuni mwa buti. Akaniambia hilo ni pazia la buti: linazuia vumbi, jua na macho ya watu. Akanipa masharti mawili. Nisiweke kitu kizito juu yake, na nikilifungua nilisindikize kwa mkono, nisiliache lirudi lenyewe, maana lina springi kali.

Mama alipoliona alilipenda mara moja. Alilivuta na kulirudisha mara tano au sita, akishangaa linavyomezwa na bomba. Kisha akaweka juu yake fuko la mchele, akiamini ni meza. Nikamweleza, akaliondoa bila kuridhika sana. Kitu kipana namna ile, kwake, kilikuwa kimekosa kazi.

Mizigo yote ikaingia chini ya pazia: mchele, sukari, sabuni, kikapu cha chakula, mkoba wangu wenye simu ndani, na zulia la chumba cha mama. Zulia lilikuwa refu kupita buti, kwa hiyo nililaza kipande kimoja cha kiti cha nyuma nikalipitisha chini ya bomba. Ili lisishike vumbi nilikuwa nimelivika shuka jeupe, na ili shuka lisifunguke nimelifunga kwa vitambaa sehemu tatu: kichwani, katikati na mwishoni. Niliona nimefanya kazi safi kabisa.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama ni mdogo wa umbo, akajikunja kwenye kipande cha kiti kilichobaki, akavaa miwani yake myeusi na kujifunika kanga mpaka kichwani kwa kuogopa vumbi. Mwanzoni alisoma kwa sauti kila kibao tulichopita. Tulipoiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga na kukata kushoto, sauti ilikuwa imepungua. Kabla ya Mlali alikuwa anakoroma.

Mlali

Mlali nilisimama kununua ndizi. Mara nikasikia naitwa, Mwalimu Salma. Alikuwa Mama Hadija, mwanamke wa kitongojini kwetu ambaye hushuka na ndizi na magimbi kila siku ya soko. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana habari za nyumbani. Nikanunua mkungu mdogo, naye akanibebea mpaka kwenye gari.

Nilifungua mlango wa nyuma, nikachomoa pini za pazia na kulirudisha kidogo ili mkungu upate nafasi. Mama Hadija akachungulia. Aliuona mzigo mrefu mweupe uliofungwa sehemu tatu. Mama mwenyewe hakumwona, kwa sababu mgongo wa kiti ulimficha na vioo vya gari ni vyeusi.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na mama yetu, mwanangu?"

Nilikuwa navuta pazia kulifunga. Nikalipigapiga kwa kiganja kama mtu anavyoupigapiga mgongo wa mtoto, nikamjibu, "Yuko huku nyuma. Amepumzika. Namrudisha nyumbani."

Ndivyo nilivyosema, neno kwa neno. Mnaweza kunicheka, na wengi wenu mmeshanicheka. Lakini mimi nilimaanisha kwamba amelala kitini, na sikutaka kelele za soko zimwamshe.

Mama Hadija aliweka mikono yake yote miwili kichwani. Akasema, "Pole sana, mwanangu. Pole sana." Nikamjibu nimeshapoa, nikidhani ananipa pole ya kuuguza. Akakataa kabisa pesa ya ndizi. Nikapanda gari nikiwa na furaha, nikiwaza jinsi watu wa kwetu walivyo na utu, na nikamwona kwenye kioo amejifunika kanga usoni huku wauzaji wenzake wakimzunguka. Nilifikiri jua linamwumiza.

Lori la kabichi

Kutoka Mlali barabara inaanza kupanda, na kutoka hapo ni kona juu ya kona. Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha juu. Tulifika kwenye kona moja nyembamba tukakuta lori limekwama likiwa limelalia ukingo, nusu ya kabichi zikiwa zimeshashushwa na kupangwa kando ya barabara. Pikipiki zilipita, gari halikupita. Watu kama kumi walikuwa wanachimba na kubishana.

Nikazima injini. Mama akaendelea kulala. Tulikaa pale, na wakati fulani pikipiki moja ikatupita ikiwa imembeba mwanamke aliyejitanda kanga. Akainua mkono kunielekea, taratibu sana. Nami nikampungia kwa bashasha. Alikuwa Mama Hadija, ameacha ndizi zake kwa mwenzake ili afike kitongojini kabla yetu kupeleka habari.

Mama alipoamka alitaka kushuka. Nilimshika mkono kwa mazoea, akautoa taratibu. Akasimama ukingoni, akavua miwani, akatazama. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia, na mlima wote ulikuwa mbele yake: mashamba ya ngazi, migomba, nyumba za bati zilizobandikwa huku na kule, na kijito cheupe kikishuka kwenye mwamba. Baada ya muda akaanza kunionyesha kwa kidole nyumba ya fulani, shamba la fulani, mahali palipokuwa na mti ambao sasa haupo. Kisha akasema ana njaa.

Chakula kilikuwa chini ya pazia. Nilifungua mlango, nikachomoa pini, na kwa haraka nikasahau sharti la Fundi Kondo. Pazia likanitoka mkononi, likarudi kwenye bomba kwa kishindo ambacho kilimgeuza kila mtu pale. Wakatutazama. Kisha wakatazama ndani ya buti.

Mwanaume mmoja akavua kofia. Mwingine akaweka jembe chini. Mabishano yakakatika, nikasikia mtu anamnong'oneza mwenzake kwamba hawa wana mzigo, wapitishwe. Mimi nilikubali moyoni, maana mzigo kweli nilikuwa nao.

Basi walifanya kazi ambayo sijawahi kuona. Walikata matawi, wakajaza mawe, wakahamisha kabichi zote upande mmoja, na wote hawakuongea ila kwa sauti ya msikitini. Mama akawakaribisha chapati. Walikataa mara mbili, wakapokea mara ya tatu, wakala wakiwa wamesimama na wameupa mgongo mlango wa nyuma. Dereva wa lori akaja kumwamkia mama.

"Shikamoo bibi. Poleni sana. Ni mapenzi ya Mungu."

"Marahaba, baba," mama akamjibu akitabasamu. "Ndiyo, Mungu amependa. Tunamshukuru."

Yeye alikuwa anashukuru kwa macho yake. Dereva alimtazama kwa heshima kubwa, kama mtu aliyekutana na imani isiyo ya kawaida, na akarudi kazini ameinamisha kichwa. Walilisukuma gari letu kwa mikono mpaka likavuka tope. Nilipowashukuru wakasema ni wajibu. Njiani nilimwambia mama kwamba vijana wa siku hizi wanasingiziwa bure.

Mwisho wa barabara

Gari huishia msikitini. Kutoka pale kwenda nyumbani ni kupanda kwa miguu kiasi cha dakika ishirini. Tulifika ikikaribia saa tisa, na mama alikuwa amejilaza tena, ameshachoka.

Nje ya msikiti kulikuwa na wanaume wengi wamevaa kofia na kanzu. Nikaona jeneza limewekwa kando ya ukuta, limefunikwa kitambaa cha kijani. Nikawaza nani, kati ya wazee wetu, ametutoka siku ile ile tunayomleta mama na macho mapya. Nilianza kufikiri nitamwambiaje. Mjomba wangu Ramadhani, mdogo wake mama, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye mwenye kauli kuu katika mambo ya ukoo, alikuja kwenye dirisha langu. Macho yake yalikuwa mekundu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaburi tayari, mwanangu. Tulikuwa tunawasubiri ninyi tu."

"Shikamoo mjomba," nikasema. "Nani ametangulia?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona akili ya mwenzake imeyumba. Wanaume wanne walikuwa wameshazunguka kwenye mlango wa nyuma, na mmoja wao alikuwa anatafuta namna ya kuufungua. Ndipo kanga ikainuka kwenye kiti cha nyuma, na mama akatoa kichwa katikati ya viti.

"Ramadhani," akasema, "msiba wa nani?"

Mjomba aliushika mlango wa gari. Kisha akakaa chini palepale matopeni na kanzu yake nyeupe. Nyuma yangu nikasikia miguu ya watu wanaokimbia. Mlango wa buti ulikuwa umefunguliwa nusu, na aliyeufungua alikuwa ameshafika kwenye migomba. Shehe peke yake ndiye aliyebaki amesimama mahali pake, lakini alikuwa anasoma kitu kwa kasi sana.

Mama akashuka. Akamwinamia mdogo wake, nami nikamkumbusha kwamba amekatazwa hospitalini kuinama, akachuchumaa.

"Msiba wa nani, nakuuliza."

"Wako, dada," mjomba akasema.

Mama akalitazama jeneza. Akawatazama watu. Akageuka akalitazama gari, na buti lililo wazi, na lile zulia langu lililofungwa vizuri sehemu tatu. Nadhani alielewa kabla yangu. Alianza kucheka kifuani, bila sauti, mabega yanatikisika, na watu waliokuwa karibu wakadhani analia. Alipotoa sauti, mjomba naye akaanza, akicheka na kulia kwa pamoja, huku amemshika miguu kama mtoto.

Nilikwenda nyuma ya gari nikafungua vitambaa, nikakunjua shuka, nikawaonyesha zulia. Ni jekundu, lina maua ya njano. Watu walirudi mmoja mmoja kutoka migombani. Wazee wengine walilishika kwa vidole kabla ya kuamini. Nilimweleza shehe pazia lile ni la nini, nikalivuta na kulirudisha mbele ya umati, na mzee mmoja akasema kwa hasira kidogo kwamba gari lenye pazia la namna hiyo liandikwe ubavuni limebeba nini.

Simu niliikuta kwenye mkoba. Tangu Mama Hadija afike kitongojini, kila mtandao uliposhika, mjomba alikuwa amenipigia.

Kwa miguu mpaka nyumbani

Habari ilitutangulia kupanda, safari hii ya kweli, lakini si wote walioiamini. Mama alipanda polepole, anasimama kila hatua chache, na kila aliyesimama kando ya njia, mama alimwita kwa jina kabla hajasemeshwa. Alikuwa anawatambua kwa sura. Watu ambao kwa miaka mitatu walikuwa wakimwambia "ni mimi fulani" waliguswa na hilo kuliko habari za kufa na kufufuka. Mmoja alimwomba arudie jina lake.

Uani kwetu kulikuwa na masufuria makubwa motoni na wanawake wengi waliojitanda. Mama Hadija alitoka jikoni, mikono imejaa unga, akapiga magoti. Aliomba radhi, akirudia maneno yangu niliyomwambia Mlali, na hapo ndipo nami niliyasikia kwa mara ya kwanza kama alivyoyasikia yeye. Nilitaka ardhi inimeze. Nikapiga magoti karibu yake, nikasema kosa ni langu. Mama akatuambia tuinuke tukaangalie masufuria, wali unaungua.

Kisha akamwona Bibi Mwanaidi. Huyu ni shoga yake tangu wakiwa wasichana. Walichezwa ngoma ya unyago pamoja. Anakaa juu zaidi mlimani, na katika muda wote wa upofu wa mama alikuja mara chache, kisha akaacha kabisa. Mama hakuwahi kumlaumu, lakini alikuwa akiuliza kila anayeshuka kutoka juu kama Mwanaidi mzima. Siku hiyo alikuwa ameshuka na fimbo yake kwa ajili ya mazishi, amekaa ukutani, uso umevimba kwa kulia. Hakunyanyuka. Mama akaenda akakaa mbele yake, akamtazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana.

"Umezeeka, Mwanaidi," akasema.

"Umenijua."

"Nisikujue wewe?"

Bibi Mwanaidi akafuta pua na upindo wa kanga. "Nilikuwa nachoka kukutajia jina langu," akasema. "Nikitoka hapa naumwa kutwa nzima. Nikaona bora nisije. Leo nilikuwa najilaumu njia nzima."

Mama akamshika mikono. Wanawake wote wakaanza kulia upya, na mimi nikiwa mmoja wao. Nikakumbuka amri za hospitali: asisugue macho, asiingize maji wala moshi. Nikamwambia mama asilie. Akainua uso wake mkavu, unang'aa, akawaambia wote, "Mimi nimekatazwa. Nililieni nyinyi."

Hakuna aliyeondoka. Chakula cha msiba kikawa cha karamu: wali, maharage ya nazi, ndizi, na kitoweo ambacho mjomba aliongeza baada ya kujua dada yake yu hai. Shehe aliyekuja kuswalia maiti akasoma dua ya shukrani. Kuhusu kaburi, wazee walisema lililochimbwa haliachwi tupu, wakaenda kuzika shina la mgomba. Mama alitaka kwenda kuliona. Walimkatalia, naye akalalamika kwamba kwa habari alizopata wamelichimba fupi, ni la mtu mfupi kama Ramadhani.

Kabla giza halijaingia tulitandika zulia chumbani. Bibi Mwanaidi hakurudi kwake siku hiyo. Walikaa juu ya maua ya njano wamenyoosha miguu, wakitazamana mikunjo na kuulizana ya lini.

Kurudi

Niliondoka baada ya siku mbili. Kila nyumba ilileta kitu: magimbi, njegere, kabichi, ndizi, jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Nilijaza buti, na lile pazia nililiacha limeviringwa kwenye bomba lake. Nilitaka kila mtu kutoka msikitini mpaka Mafiga aone kilichomo. Pale kwenye kona ya lori nilikutana na vijana wawili niliowatambua, wakanipa tena pole, nikawaeleza. Mmoja alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Mwingine alisema chapati zile zilimkaa kooni kwa heshima.

Lakini ninalotaka kuwaambia zaidi ni la mwanzo wa safari hiyo ya kurudi. Mama alinisindikiza mpaka msikitini. Miaka mitatu, kila nilipoondoka kwa basi dogo, alikuwa akipunga mkono kwa kufuata mlio wa injini. Mlio unagonga milima unarudi upande mwingine, na yeye anageuka nao, anapungia mashamba, mimi nikiwa nimeshapita. Sikuwahi kumwambia.

Safari hii niliendesha taratibu, naangalia kioo. Alikuwa amesimama katikati ya barabara bila miwani. Nilipokata kona ya kwanza alihamia ukingoni. Nilipokata ya pili nilimwona kule juu, mdogo kama kidole, na mkono wake ulikuwa umeelekea kwangu hasa. Nikasimamisha gari, nikashuka, nikampungia kwa mikono miwili. Akasimamisha mkono wake hewani, kisha akaanza kupunga na wa pili.